Akiba ya Mfanyakazi na Funzo la Njia ya Misafara

Mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo alipigana na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora, na njia ya kwenda Ujiji ikafungwa. Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, ilimbidi azungukie kusini. Lakini yeye alikuwa mpita njia tu. Aliyeumia hasa ni tajiri aliyetia mali yake yote katika msafara mmoja. Biashara ile ilikuwa na aibu yake, kwa maana pamoja na pembe za ndovu ilichukua pia watumwa. Hata hivyo imetuachia funzo.

Leo wako wafanyakazi, Tabora na kwingineko, wanaopokea kiinua mgongo na kuulizana: tununue hisa za kampuni gani? Swali hili ni dalili ya kuamka. Tangu Soko la Hisa la Dar es Salaam lianze kazi ya kuuza na kununua mwaka 1998, mwananchi wa kawaida ameweza kuwa na sehemu yake katika viwanda vya bia, sigara na saruji, na katika mabenki. Lakini sisi twauliza: kwa nini kampuni moja?

Mwaka 2017 hisa za Vodacom Tanzania ziliuzwa kwa wananchi kwa shilingi 850 kila moja. Ni kampuni kubwa, na jina lake lajulikana hata vijijini. Walakini katika miaka iliyofuata hisa hizo zilipata kuuzwa sokoni chini ya bei hiyo. Hatusemi kwamba kampuni ni mbaya. Twasema kwamba ukubwa wa jina si dhamana ya faida.

Iko njia nyingine. Huko Marekani, mwaka 1976, John Bogle alifungua mfuko usiochagua kampuni, bali ulionunua sehemu katika kampuni zote za orodha moja kubwa ya soko. Wengi waliucheka. Lakini kwa kuwa gharama zake ni ndogo, mifuko ya namna hiyo imeishinda, kwa muda mrefu, mingi ya ile inayolipa wachaguzi mishahara minono.

Kwetu uko Mfuko wa Umoja wa UTT, ulioanza mwaka 2005. Huo si wa namna ile hasa, maana wasimamizi wake huchagua. Lakini hukusanya fedha za watu wengi na kuzitawanya katika hisa mbalimbali na dhamana za serikali.

Tusidanganyane: mfuko nao waweza kushuka. Fedha ya karo ya mwezi ujao si ya kupelekwa huko. Na anayependa kampuni fulani, na anunue, ila kwa sehemu ndogo ambayo hata ikipotea watoto hawatalala njaa.

Ndugu mfanyakazi, kiinua mgongo hupatikana mara moja tu. Ulize gharama, itawanye akiba yako, kisha uwe na subira. Haba na haba hujaza kibaba.