Printa Iko Ofisi Nyingine: Kikundi Kifanye Nini?

Katika ziara zetu Kitui na Makueni tunaulizwa swali hili mara nyingi. Kikundi kimepata laptopu, kinatumia intaneti ya ukumbini. Printa iko ofisini ng'ambo ya uwanja, kwenye mtandao mwingine. Ukitaka kuchapisha, kompyuta inasema haioni printa yoyote. Basi katibu anabeba orodha ya wanachama kwa flashi mpaka saiba ya sokoni, na nambari za vitambulisho vya watu wote zinabaki kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Hapo ndipo kuna ubaya, hata kuliko zile shilingi za kuchapisha. Tangu 2019 Kenya ina Sheria ya Kulinda Data, na habari za watu si za kuachwa ovyo.

Kwa nini printa haionekani? Kila kifaa mtandaoni kina anwani ya namba nne, kwa mfano 192.168.1.45. Katika mitandao midogo kama yetu, namba tatu za kwanza kwa kawaida ni kama jina la kijiji, ya nne ni nyumba. Kompyuta ikitafuta printa huita kwa sauti ndani ya kijiji chake tu. Rauta, kile kiboksi chenye taa za kuwaka-waka, haivushi mwito huo. Kwa hivyo msingoje printa ijitokeze. Ifuateni kwa anwani.

Anzeni kwenye printa yenyewe. Chapisheni ukurasa wake wa mtandao. Anwani imeandikwa hapo. Mwombeni anayetunza rauta aifungie printa anwani hiyo, la sivyo stima ikipotea na kurudi inaweza kuamka na namba nyingine. (Sisi tuliwahi kupoteza asubuhi nzima hivyo, wanachama wamekaa chini ya mwembe wakingoja kumbukumbu za mkutano!) Kisha kwenye kompyuta fungueni mipangilio ya printa, chagueni kuongeza kwa mkono kwa kutumia anwani, andikeni zile namba.

Lakini lazima njia iwepo. Kama rauta ya ukumbi inapata intaneti kwa waya kutoka rauta ya ofisi, mara nyingi laptopu ya ukumbini itaifikia printa ya ofisini. Kutoka ofisini kuja ukumbini ni vigumu. Mkikuta rauta zote mbili zina kijiji kimoja, tuseme 192.168.1, badilisheni moja, maana kompyuta itatafuta printa nyumbani kwake tu. Mtandao wa wageni nao huwa umefungwa usione vifaa vya ofisi. Na kama ukumbini mnatumia bando za simu ya mtu, hakuna njia kabisa. Hapo msihangaike: jiungeni na mtandao wa ofisi dakika chache mchapishe, au tumieni waya wa USB.

Fundi akitaka kuifungua printa ionekane kutoka intaneti ya nje, kataeni. Mwaka 2018 mtu mmoja alidai kwamba alichapisha ujumbe wake kwenye printa 50,000 hivi za watu asiowajua, zilizokuwa zimeachwa wazi namna hiyo.

Kabla ya kumwita huyo fundi, andikeni kwenye daftari la kikundi anwani ya printa, anwani ya laptopu, na ni nani aliye na neno la siri la rauta.