Anayejitolea naye awe na mipaka: Tulinde mashindano na kambi zetu za mtaani

Na Mwandishi Wetu

LIKIZO ya Desemba inapowadia, mitaa na vijiji vingi humu nchini huchangamka. Huku kuna mashindano ya kandanda ya kuwania mbuzi na jezi, kule kuna kambi ya matibabu ya bure katika uwanja wa shule, na kwingine vijana wa makanisa na misikiti wamekutana kwa kongamano la siku tatu. Wengi wanaoendesha shughuli hizi hawalipwi hata senti moja. Vijana hupiga chokaa mistari ya uwanja, akina mama hupika, mwalimu mstaafu hushika kipenga, na muuguzi aliye likizoni huja kupima watu shinikizo la damu.

Ni jambo la kujivunia. Hata hivyo, kuna tatizo moja ambalo huandamana na mikutano hii na ambalo wengi huona haya kulitaja. Ni tabia ya baadhi ya watu kuwasumbua wengine kimapenzi, hasa wasichana na watoto, wakijua kwamba katika shughuli isiyo na mwajiri hakuna wa kuwachukulia hatua.

Tatizo hili si la polisi na mahakama peke yao. Ni suala la afya, na kama yalivyo maradhi mengi, kinga yake ni rahisi kuliko tiba.

Dhuluma hii huanza vipi?

Mara nyingi huanza kwa mambo ambayo watu huyaita mzaha. Msichana anayegawa maji hutupiwa maneno machafu kila apitapo mbele ya benchi. Mwingine hushikwa kiuno au makalio wakati umati unashangilia bao. Kocha humwambia mchezaji kwamba nafasi yake katika timu itategemea akimtembelea nyumbani jioni. Katika kambi ya matibabu, mtu anayejiita daktari humwita msichana nyuma ya pazia peke yake na kumtaka avue nguo zote ilhali amekuja kupimwa macho.

Wavulana nao hawajasazwa. Wapo wanaodhulumiwa na watu wazima waliopewa kazi ya kuwalinda, kisha hunyamaza wakiogopa kuchekwa na wenzao.

Walio na ulemavu wamo hatarini zaidi, kwa kuwa baadhi yao hutegemea msaada wa mtu mwingine ili kufika chooni au kupanda gari.

Kwa nini malalamiko hufia njiani

Katika ofisi au kiwanda, mtu anayewasumbua wenzake anaweza kufutwa kazi. Katika shughuli ya kujitolea hakuna mshahara wa kuzuia wala barua ya kumwachisha kazi. Isitoshe, kila mtu huhisi kwamba ana deni kwake. Huenda ndiye anayetoa mipira. Huenda ndiye mwenye gari la kubeba wachezaji, au ndiye anayefahamiana na mfadhili.

Basi msichana anapojikaza na kusema, "Mama, yule kocha hunishika nisipotaka," hujibiwa, "Nyamaza mwanangu, huyo anatusaidia bure. Akiondoka timu itavunjika."

Jawabu kama hilo ndilo humpa mkosaji nguvu. Akishajua kwamba wema wake ni ngao, hurudia. Msichana naye huacha kuja uwanjani, na watu husema ni mvivu au amepata mchumba. Mwishowe timu hupoteza wachezaji mmoja baada ya mwingine bila ya yeyote kuuliza sababu.

Madhara kwa mwili na akili

Mtu aliyedhulumiwa anaweza kukosa usingizi, kuota ndoto za kutisha, kupoteza hamu ya chakula, kuumwa na kichwa au tumbo mara kwa mara na kushtuka ovyo. Wengine hujilaumu, hujitenga na jamaa zao, na baadhi hufikia kiwango cha kutaka kujiua. Mtoto aliyekuwa mchangamfu huenda akaanza kukojoa kitandani, kuogopa mtu fulani au kushuka ghafla masomoni.

Iwapo amebakwa au kunajisiwa, kuna hatari ya majeraha, mimba, virusi vya Ukimwi, homa ya ini na magonjwa mengine ya zinaa. Hapa wakati ni kitu cha thamani kubwa, kama tutakavyoona baadaye.

Sheria inasema nini?

Sheria ya Makosa ya Kimapenzi ya mwaka 2006, ambayo mswada wake uliwasilishwa Bungeni na Bi Njoki Ndung'u akiwa mbunge wa kuteuliwa, inasema wazi kwamba kumgusa mtu mzima matiti, makalio au sehemu za siri kimakusudi na kinyume cha sheria ni kosa. Adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka 5, au faini isiyozidi Sh50,000, au vyote viwili. Aliyetendewa akiwa ni mtoto wa chini ya miaka 18, kifungo si chini ya miaka 10.

Sheria hiyohiyo humwadhibu mtu mwenye mamlaka anayeendelea kumtongoza mwingine huku akijua hatakiwi. Kifungo chake si chini ya miaka 3, au faini isiyopungua Sh100,000, au vyote viwili.

Lakini tazama hapo kwa makini. Kifungu hicho humhusu mwenye mamlaka au anayeshikilia wadhifa wa umma. Kijana anayekata tikiti langoni na kumtupia kila msichana maneno ya aibu huenda asiguswe nacho. Hapo ndipo kamati yenyewe inapohitaji kuwa na kanuni yake, kwa sababu haihitaji hakimu ili kumwambia mtu, "Leo rudi nyumbani."

Kanuni ziandaliwe kabla ya siku

Kamati nyingi hukutana mara nyingi kupanga chakula, zawadi na mgeni wa heshima, na hazitengi hata dakika kumi kuzungumzia usalama. Kikao kimoja kinatosha kukubaliana juu ya mambo haya:

Kwanza, iandikwe kanuni fupi ambayo kila anayejitolea ataisoma na kutia sahihi: hakuna kumgusa mtu bila ridhaa yake, hakuna maneno ya matusi au ya kimapenzi kwa wachezaji na wageni, hakuna mtu mzima kukaa faraghani na mtoto mmoja. Anayekataa kutia sahihi ashukuriwe na aachwe aende zake.

Pili, wateuliwe watu wawili wa kupokea malalamiko, mmoja wao awe mwanamke. Wasiwe wa familia moja wala wa timu moja, ili malalamiko dhidi ya mmoja yaweze kupelekwa kwa mwenzake. Wavae kitambaa cha rangi mkononi na majina yao yatangazwe kwa kipaza sauti asubuhi na mchana. Mtu aliyeshikwa na woga hawezi kuanza kutafuta mwenyekiti katika umati wa watu elfu moja.

Tatu, kamati iamue mapema kwamba wawili hao wana uwezo wa kumwondoa mtu yeyote, hata akiwa ndiye mfadhili. Uamuzi huu ukingojewa mpaka siku yenyewe, hautapatikana. Aibu na deni la fadhila vitawafunga watu vinywa.

Nne, maswali yaulizwe kuhusu mgeni anayetaka kusaidia. Alikuwa wapi kabla ya hapa, na kwa nini aliondoka? Katika kambi ya matibabu, kila anayejiita daktari, afisa wa kliniki au muuguzi aonyeshe cheti cha usajili kutoka kwa bodi au baraza linalohusika. Mgonjwa apimwe akiwa na mtu wa jinsia yake karibu, na aelezwe kwa nini anatakiwa kuvua nguo.

Tano, chifu na mkuu wa kituo cha polisi wajulishwe. Aidha, Shirika la Msalaba Mwekundu na St John Ambulance wana watu waliofunzwa huduma ya kwanza ambao huhudumia mikutano ya umma. Ombeni mapema.

Mahali na saa

Baadhi ya hatari huletwa na mpangilio mbaya wa uwanja. Vyoo vya wanawake na vya wanaume vitenganishwe, viwe mahali panapoonekana na viwe na komeo kwa ndani. Wasichana wapewe chumba cha kubadilishia nguo na mwanamke alinde mlango. Pombe isiuzwe karibu na watoto.

Fainali ianze mapema ili watu waondoke kungali mchana. Kama zawadi zitachelewa, ni heri zitolewe kesho yake kuliko wasichana kutembea gizani au kubebwa na bodaboda wasiyemjua. Timu iliyotoka mbali iondoke pamoja, na majina yahesabiwe kabla ya gari kung'oa nanga.

Mifano tunayo humu nchini. Huko Kilifi, shirika la Moving the Goalposts limekuwa likiendesha soka ya wasichana tangu 2001, na wasichana wenyewe hufunzwa kuwa makocha, waamuzi na watoaji wa huduma ya kwanza. Msichana anapoona kwamba mwenye kipenga na mwenye sanduku la dawa ni dada yake, huwa rahisi kwake kusema. Katika mtaa wa Mathare, Nairobi, chama cha michezo cha vijana cha MYSA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kilijulikana kwa kuzipa timu pointi za ligi kwa kusafisha mitaa. Ikiwa usafi unaweza kuhesabiwa katika jedwali, heshima nayo yaweza kuhesabiwa. Timu ambayo afisa wake amewasumbua wasichana na ikamficha, ipokonywe pointi.

Malalamiko yakiletwa

Mpokeaji amsikilize mlalamishi mahali patulivu bila kumhoji kama mshtakiwa. Maswali ya "ulivaa nini?" na "ulifuata nini kule?" hayana kazi. Aandike alichoambiwa, saa na mahali, kisha amuulize mhusika anataka kusaidiwa vipi.

Anayelalamikiwa aondolewe kazini kwa siku hiyo huku jambo likichunguzwa. Kuondolewa huku si hukumu. Naye ana haki ya kusikizwa, na jina lake lisitangazwe kwa kipaza sauti, kwani umati ukishapandwa na hasira unaweza kumuua mtu asiye na hatia. Anayehofia kusingiziwa atalindwa na utaratibu huu kuliko kimya, maana uvumi hauna kumbukumbu iliyoandikwa.

Wazee wasiwakutanishe wawili hao ili "wasameheane." Na lililo kosa la jinai lisimalizwe kwa mbuzi au fidia. Likimhusu mtoto, polisi au afisa wa watoto lazima wajulishwe.

Aliyebakwa apelekwe hospitali kwanza

Wengi hukimbilia kituo cha polisi au kwa chifu na kupoteza saa za maana. Matibabu hayangoji ripoti ya polisi. Kumbuka yafuatayo:

Dawa za kukinga virusi vya Ukimwi zapaswa kuanzwa upesi iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, na hunywewa kwa siku 28 bila kukatizwa.

Tembe za dharura za kuzuia mimba hufaa hadi saa 120, lakini kadiri unavyochelewa ndivyo nguvu yake inavyopungua.

Asioge, asipige mswaki wala kufua nguo alizovaa kabla ya kuonwa na daktari. Nguo hizo zitiwe katika mfuko wa karatasi. Mfuko wa plastiki huzitia unyevu na kuharibu ushahidi. Hata kama ameshaoga, aende tu.

Hospitali itajaza fomu ya huduma kwa aliyebakwa, na polisi watatoa fomu ya P3 ambayo haiuzwi. Kwa mujibu wa sheria ya 2006, gharama za matibabu na ushauri nasaha hubebwa na serikali katika hospitali za umma.

Simu ya bure ya 1195 hupokea visa vya dhuluma za kijinsia mchana na usiku, na 116 ni ya kuwasaidia watoto. Nambari hizi zibandikwe langoni, vyooni na katika chumba cha kubadilishia nguo.

Hatimaye

Mwanariadha Agnes Tirop alipouawa nyumbani kwake Iten mnamo Oktoba 2021, Wizara ya Michezo iliunda kamati iliyoongozwa na Catherine Ndereba, bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2003 na 2007, kuchunguza masaibu ya wanamichezo wa kike. Ni vyema taifa lilishtuka. Lakini wanamichezo wengi huanzia katika viwanja vya vumbi vya mtaani, na hapo ndipo wanapojifunza kama wakilalamika watasikizwa au watanyamazishwa.

Hatua zilizotajwa hapa hazihitaji mfadhili. Zinahitaji karatasi moja, vitambaa viwili vya rangi na kamati isiyoogopa kumwambia mfadhili wake kwamba ameikosea heshima jamii. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mzazi, kabla ya kumruhusu mwanao kwenda mashindanoni, waulize wasimamizi swali hili moja: "Mtoto wangu akisumbuliwa, amwendee nani?" Wakishindwa kukujibu kwa jina, wape muda wakajipange kwanza.