Kung'oa injini nyumbani kwahitaji mpango, si misuli

UKITEMBEA katika mitaa ya Embu au viungani mwa mji wa Meru siku ya Jumamosi, si ajabu kukuta gari uani, boneti imeondolewa na fundi ameinama ndani. Mwenyewe ameamua kubadilishia injini nyumbani ili apunguze gharama za gereji.

Si uamuzi mbaya, msomaji. Hata hivyo, wengi huanza kazi hiyo wakitarajia kuliendesha gari Jumapili jioni, na mwezi ukapita kuku wakitagia chini ya kiti. Aghalabu kinachowakwamisha si ufundi. Ni kukosa mpango.

Tazama mawingu kwanza

Wakulima wa majani chai kwenye miteremko ya Mlima Kenya kwa kawaida hupokea bonasi mwezi wa Oktoba, na hapo ndipo wengine hupata pesa za kununulia injini. Lakini Oktoba ndio mwezi ambao mvua za vuli huanza. Injini iliyofunguliwa haipatani na maji wala matope mekundu. Ikiwa huna paa la kufanyia kazi, inunue, ifunike vyema, kisha ungoje kiangazi cha Januari na Februari.

Mikebe na daftari

Usitupe boliti zote katika karai moja. Kusanya mikebe mitupu ya mafuta ya kupikia na kila sehemu uipe mkebe wake: wa radieta, wa egzosi, wa vishikizo vya injini. Andika jina juu ya mkebe, si akilini.

Boliti za giaboksi mara nyingi hutofautiana urefu. Chukua kipande cha katoni, chora umbo la giaboksi, toboa matundu na uchomeke kila boliti mahali pake. Ukilazimisha boliti ndefu kwenye tundu fupi, waweza kupasua chuma.

Kabla ya kuchomoa waya au mpira wowote, upige picha kwa simu. Kisha funga utepe wenye nambari pande zote mbili: 1 kwa 1, 2 kwa 2. Waya za plagi zichunge zaidi. Injini nyingi za silinda 4 zilizopangwa mstari mmoja huwasha kwa mpangilio wa 1-3-4-2, na ukizichanganya gari litakohoa tu bila kunguruma.

Je, una mwanafunzi aliye likizoni? Mpe daftari awe karani. Aandike kila kilichotolewa na saa kilipotolewa. Wakati wa kurudisha, mnasoma daftari kuanzia mwisho kwenda mwanzo.

Uzito si mchezo

Injini ya gari dogo pamoja na giaboksi yake hufika au kupita kilo 100. Tawi la mparachichi si winchi. Kodisha mnyororo wa kuinulia na stendi yake, na usiingie kamwe chini ya gari linaloshikiliwa na jeki au mawe pekee. Ng'oa waya hasi wa betri kabla ya yote, na uurudishe mwisho. Watoto nao wacheze kwingine.

Mpira mmoja tu

Breki za magari mengi hupata nguvu kutokana na mpira unaonyonya hewa na kuipeleka kwenye injini. Ukisahaulika kurudishwa, pedali huwa ngumu kama jiwe. Kwenye uwanja tambarare huenda usijali. Lakini barabara ya Embu kwenda Meru hupanda na kuteremka mabonde, likiwemo bonde la Mto Nithi, ambako zaidi ya watu 30 walifariki basi lilipotumbukia mnamo Julai 24, 2022. Huko si mahali pa kugundua kwamba mkebe mmoja haukumwagwa wote.

Kwa hivyo, kabla ya safari ya kwanza, mikebe yote iwe mitupu na kila mstari wa daftari uwe na alama. Zungusha gari polepole karibu na nyumbani, kisha uangalie tena oili, maji na breki.

Karatasi nazo

Injini ina nambari yake, nayo imeandikwa kwenye kitabu cha usajili wa gari. Ukibadilisha injini, nambari hubadilika, na ni lazima taarifa ifike kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA). Ndiyo sababu hupaswi kununua injini isiyo na risiti. Mnunuzi wa kesho au polisi akikuta nambari zisizolingana, wewe ndiye utakayeulizwa injini ilitoka wapi. Hifadhi risiti katika lile lile daftari, na umjulishe pia aliyekuuzia bima.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Gari linalobeba watoto wako lastahili wikendi mbili za utulivu.