‘Kutambua’ si ‘kujitambulisha’: Kitenzi kinachofanya chipu nzima itupwe

Katika vibanda vya mafundi wa simu mjini Kisii, Keroka na Nyamira kuna kauli ambayo si ngeni: “Simu imekataa kutambua kioo.” Kioo kipya kimewekwa, picha inaonekana safi, lakini ukigusa, wapi! Mteja huambiwa spea ni feki. Pengine ni kweli. Ila huenda kioo hicho ni kizima kabisa, na kinachotupoteza ni kitenzi tulichotumia.

Mpenzi msomaji, hebu tukichambue kitenzi hiki. Tukisema ‘A ametambua B’, kazi yote ni ya A. B amekaa tu. Tukiongeza kiambishi cha kusababisha tunapata ‘tambulisha’ (ile ‘l’ iliyofichika katika mzizi hurudi, kama katika ‘fungua’ na ‘funguliwa’). Kutoka hapo tunapata ‘jitambulisha’, ambapo B anajitaja mwenyewe, na ‘tambulishwa’, ambapo mtu wa tatu anamtaja B kwa A. Wanafunzi wa kompyuta hufundishwa kitenzi cha kwanza tu, eti “kompyuta hutambua vifaa.” Kusema kweli, kompyuta haitambui chochote kwa kukitazama.

Chukua kipanya au flashi ya USB. Ukiichomeka, kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, huiuliza: wewe ni nani? Nayo hujibu kwa nambari kadhaa, zikiwemo ya kampuni iliyoiunda na ya bidhaa yenyewe. Ni kama mgeni anayebisha hodi Gusii: hataji jina lake tu, bali pia ni mtoto wa nani na anatoka Nyaribari, Bobasi au Mugirango. Akishajieleza, mwenyeji anajua amkalishe wapi. Kerneli nayo hutafuta kiendeshi (mafundi husema ‘draiva’) kinacholingana na nambari hizo. Kifaa kimejitambulisha.

Sasa ingia ndani ya simu. Chipu inayosoma mguso wa kidole, chipu ya kupima chaji na nyinginezo, mara nyingi huunganishwa kwa nyaya mbili tu, mtindo unaoitwa I2C ambao kampuni ya Philips iliubuni mwaka wa 1982. Humo kila chipu ina nambari ya mahali, anwani, na hakuna kanuni inayoilazimu kutaja jina. Ukiita anwani yake inajibu “nipo”, basi. Nani yupo? Kimya.

Mtu atauliza, kwani kerneli haiwezi kukisia? Anwani ni 128 tu, na zinazotumika kwa kawaida ni 112, ilhali aina za chipu ni maelfu. Lazima zigongane. Chipu ya saa iitwayo DS3231 hukaa kwenye anwani 0x68. Chipu ya kupima mwendo, MPU-6050, nayo anwani yake ya kawaida ni hiyo hiyo 0x68. “Nipo” ya saa na “nipo” ya kipima mwendo hazina tofauti. Na kukisia kuna hatari yake: kuna kompyuta za ThinkPad za IBM zilizowahi kushindwa kuwaka baada ya programu ya kupeleleza chipu kuharibu kumbukumbu ya chipu moja ndogo. Ilidhani inasoma, kumbe inaandika.

Kwa hiyo chipu ya namna hii haina budi kutambulishwa. Katika simu na kompyuta ndogo zinazotumia Linux, kazi hiyo hufanywa na faili ya maelezo ambayo mimi hupenda kuiita ‘mti wa vifaa’. Humo mtengenezaji ameandika: kwenye nyaya hizi, anwani hii, pana chipu fulani. Kerneli huamini ilivyoambiwa. Ukiweka kioo chenye chipu ya kampuni nyingine ambayo haimo katika orodha hiyo, kerneli huita kiendeshi cha chipu ile ya zamani, na mazungumzo hayaendi. Watengenezaji wengine huorodhesha chipu mbili tatu, ndiyo maana spea hiyo hiyo hukubali katika simu moja na kukataa katika nyingine inayofanana nayo.

Tuseme shule moja ya Nyamira inaweka rekodi za mahudhurio kwenye Raspberry Pi. Matoleo ya kabla ya la 5 hayana saa yake. Stima ikipotea jioni na kurudi asubuhi, bila intaneti kompyuta hudhani ni jioni ile ile. Waliofika saa moja asubuhi wanaandikwa kuwa walifika jana usiku, na mzazi anaitwa shuleni bure. Dawa yake ni chipu ya DS3231 yenye betri. Mwalimu anaifunga, anawasha, hakuna kilichobadilika. Anaambiwa chipu imekufa.

Haijafa. Haijatambulishwa. Kwenye faili ya config.txt, baada ya kuruhusu I2C kwa mstari dtparam=i2c_arm=on, anaongeza mstari mmoja:

dtoverlay=i2c-rtc,ds3231

Mstari huo unamwambia mwenyeji kwamba huyu aliye kwenye 0x68 ni saa, aina ya DS3231. Kompyuta ikizimwa na kuwashwa tena, kiendeshi kinaishika chipu.

Anayetaka kuhakikisha hutumia amri i2cdetect -y 1. Kabla ya utambulisho, jedwali huonyesha 68. Baadaye nambari hiyo hutoweka na mahali pake hukaa herufi UU, na hapo wengi hushtuka wakadhani ni alama ya hitilafu, wakafuta ule mstari. UU maana yake ni kwamba chipu tayari iko mikononi mwa kiendeshi, na programu ya kuchungulia imeiacha bila kuigusa.