Uniti 10 si mistari 10: Soma sindano ya insulini kabla ya kumchoma mtoto

Mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza huchomwa insulini kila siku, na anayeshika sindano mara nyingi si nesi. Ni mama, baba au bibi. Kwa familia ya Nalasi, wilayani Tunduru, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iko Songea, zaidi ya kilomita 200, hivyo hesabu yote hufanyika nyumbani, pengine kwa mwanga wa simu.

Daktari huandika dozi kwa uniti, si kwa mistari. Kama kichupa kimeandikwa 100 IU/ml, mililita 1 ina uniti 100. Sindano ya insulini ya mililita 1 hubeba uniti 100, na kwa nyingi mstari mdogo mmoja ni uniti 2. Ile ya nusu mililita hubeba uniti 50, na mstari mmoja ni uniti 1.

Hapo ndipo mtego ulipo. Mzazi wa mtoto wa uniti 10 amezoea kuvuta mistari mitano kwenye sindano kubwa. Siku duka la dawa limeishiwa, anapewa ndogo, anavuta mitano ileile. Mtoto amepata uniti 5, nusu ya dozi. Aliyezoea mistari 10 ya sindano ndogo akiivuta kwenye kubwa, mtoto anapata uniti 20. Kwa hiyo fuata namba iliyoandikwa kwenye sindano, usihesabu mistari.

Kuna pia sindano za U-40, mara nyingi zenye kofia nyekundu. Ukizitumia kwa insulini ya 100, alama ya 10 itampa mtoto uniti 25.

La kuogopwa zaidi ni bomba la kawaida la mililita 2, ambalo halina uniti kabisa. Uniti 10 ni mililita 0.1, yaani mstari mmoja tu. Ukiteleza mstari mmoja umeongeza uniti 10 nzima! Anayeandikiwa uniti 5 akavuta hadi 0.5 amempa mtoto uniti 50, mara kumi ya dozi. Bomba hilo si la kujaribia nyumbani.

Ukibadilishiwa sindano au kichupa, mwombe mhudumu avute dozi ya mtoto wako mbele yako, kisha piga picha. Bibi anayebaki na mtoto wakati wewe uko kwenye korosho ataielewa picha haraka kuliko maelezo. Sindano ikibadilika tena, ifute, upige nyingine.

Dozi ikizidi, sukari hushuka: jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, maneno yasiyoeleweka. Akiwa anaweza kumeza, mpe mara moja vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au soda isiyo ya "zero". Akipoteza fahamu au kupata degedege, usimpe kitu mdomoni. Mlaze kwa ubavu, mkimbize kituo cha afya, na beba kichupa pamoja na sindano uliyotumia.