Hospitali Iliyoning'inia Kwenye Shaba

Sogeeni, wadogo zangu. Mnalijua lile bomba refu la moshi la Lubumbashi na mlima mweusi kando yake? Pale ndipo zilipotoka makuta za hospitali.

Enzi mji huo ulipoitwa Élisabethville, kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilichimba shaba huku wafanyakazi wakifa kwa wingi. Kila aliyekufa, ilibidi mwingine akatafutwe mbali, hata Rwanda. Kuanzia 1928 kampuni ikageuza mtindo: wanaume wakae na wake zao, wapewe posho, watibiwe bure. Huruma? Labda tone moja. Karani wa hesabu alikwisha kuona kwamba kumtibu mtu ni rahisi kuliko kumsafirisha mwingine.

Na hisa ni nini? Fikiria bukari uliokatwa matonge. Kampuni ni bukari, hisa ni tonge, na matonge yale yaliuzwa na kununuliwa Brussels. Hivyo mzee wa huko, asiyewahi kukanyaga Katanga, alimiliki kipande cha wodi alikozaliwa bibi yako! Lakini hakuuliza habari za wodi. Aliuliza bei ya shaba, kwa kuwa wodi haikumletea hata faranga. Kwenye daftari ilikaa upande wa matumizi.

Mwaka 1967 serikali ikaitwaa kampuni, ambayo baadaye ikaitwa Gécamines. Watu wakasema kazi njo baba, njo mama. Mwaka 1986 shaba ilipita tani 470,000. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka; kufika 1994, hata tani 40,000 hazikutimia. Baba akiishiwa, dawa zitatoka wapi?

Leo Kongo haina soko la hisa. Ila siku moja mtu atakuambia: weka makuta yako kwenye kliniki yangu, angalia vitanda vyote vimejaa! Wewe muulize nani analipa, na analipa lini. Tuseme kliniki imetibu kwa dola 100 na kupokea 60. Karatasini inaonekana imepata 100, lakini muuguzi hali karatasi. Halafu pita wodini polepole. Utamkuta mama aliyepona tangu juma lililopita, amefunga kitenge chake vizuri, amezuiliwa mpaka ndugu wapate pesa. Kitanda kimejaa kweli. Daftarini, mbele ya jina lake, wameandika: tunadai.