Jenereta Huelemewa Sekunde ya Kwanza

Mtu akienda kununua jenereta, muuzaji humuuliza ana vifaa gani, hujumlisha wati za friji, taa na runinga, kisha humwonyesha mashine yenye namba kubwa kuliko jumla hiyo. Hesabu hiyo hupima vifaa vikiwa tayari vimeshika kazi, lakini jenereta ndogo huelemewa mapema zaidi, pale kifaa kinapowashwa.

Chukua duka la nyama na vinywaji mjini Mbeya. Lina friza ya wati 200, pampu ya maji ya nusu hospawa inayovuta kama wati 600, na taa pamoja na runinga za wati 130. Jumla ni wati 930. Jenereta yake ya petroli imeandikwa ubavuni kilowati 2.8, yaani mara tatu ya mahitaji. Kwa nini basi inakohoa na kuzimika?

Kwanza, hiyo 2.8 ni kilele. Ukisoma kibati kidogo karibu na soketi utakuta namba mbili: nguvu ya juu kabisa, ambayo mashine huimudu kwa muda mfupi tu, na nguvu ya kudumu, tuseme kilowati 2.5. Namba ya kufanyia hesabu ni hii ya pili. Kibati kikitaja kVA, tazama pia namba iliyo mbele ya alama cos φ. Ikiwa ni 0.8, kila kVA moja inakupa wati 800 tu.

Pili, Mbeya iko juu. Hewa nyepesi hudhoofisha injini ya petroli kwa takriban asilimia 3.5 kila unapopanda mita 300, na mji ule uko kwenye mita 1,700 hivi. Moja ya tano ya nguvu imepotea, na mwenye duka amebaki na wati 2,000. Jenereta ileile ikiwa Tanga au Mombasa isingepungukiwa hivyo.

Sasa tufike kwenye mota. Friza na pampu zina mota, na mota inayoanza kuzunguka huvuta umeme mara tatu hadi sita ya kiwango chake cha kawaida, wakati mwingine zaidi, kama vile gari lililosimama linavyohitaji watu wengi kulisukuma hadi lianze kwenda. Friza yetu inaweza kudai wati 1,000 na pampu 1,800. Umeme ulipokatika vyote vilikuwa vimewashwa na hakuna aliyezima, kwa hiyo jenereta inapounganishwa hukutana na wati 2,930 kwa mpigo. Ina 2,000.

Utaratibu hubadilisha mambo. Mwenye duka akiwasha pampu kwanza, ikiwa peke yake, wati 1,800 zinaingia. Ikishatulia kwenye 600, akawasha taa na runinga, kisha friza, hitaji la juu kabisa baada ya hapo ni wati 1,730. Akigeuza, friza ikatangulia na pampu ikafuata, anafika 2,130 na mashine inazidiwa. Vifaa ni vilevile, matokeo ni mawili. Ila ningemshauri ajaze tangi, azime pampu, ndipo aunganishe friza, kwa sababu friza hujizima na kujiwasha yenyewe na kila mara itadai zile wati 1,000. Pia aiache friza ipumzike dakika chache tangu umeme ulipokatika, ili mgandamizo wa gesi ndani ya kompresa ushuke. Pasi na birika la umeme zisubiri umeme wa TANESCO urudi.

Dalili za kuzidiwa zinasikika. Injini za jenereta nyingi za aina hii hutakiwa kuzunguka mara 3,000 kwa dakika ili zitoe hezi 50. Mzigo ukizidi, mlio unakuwa mzito, taa zinafifia, volti zinashuka. Mota iliyokosa volti hushindwa kuzunguka huku ikiendelea kuvuta umeme mwingi, na koili zake huungua. Wapo wanaotibu hali hii kwa kukaza skrubu ya gavana, yaani kidhibiti cha mwendo wa injini, ili injini ikimbie zaidi. Ni kosa baya: mzigo ukipungua, volti zinaweza kupanda na kuunguza runinga na chaja.

Waya nao ni sehemu ya mzigo. Ekstensheni nyembamba na ndefu hupoteza volti njiani, na ikiachwa imeviringishwa hupata joto hadi plastiki ikayeyuka. Lakini itumike, maana jenereta lazima ikae nje, mbali na milango na madirisha. Moshi wake una kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini.

Kinachonisikitisha zaidi ni ule waya wenye plagi pande zote mbili, unaochomekwa kwenye soketi ya ukutani ili nyumba nzima iwake. Swichi kuu isipozimwa, umeme unatoka hadi kwenye transfoma, ambayo hufanya kazi kinyumenyume na kuugeuza kuwa maelfu ya volti kwenye laini ambayo fundi aliye juu ya nguzo anaamini imezimwa. Kinachotakiwa ni swichi ya kubadilishia, yenye upande wa gridi, upande wa jenereta na nafasi ya kuzima katikati, ambayo haiwezi kushika pande mbili kwa pamoja. Kwa Tanzania, afungaye awe fundi mwenye leseni ya EWURA.